Ngoma Zibaki, Minyororo Itoke

Wasee, ukweli usemwe: video za Thrissur Pooram, ile sherehe ya kila mwaka ya mahekalu kule Kerala, India, hunibamba sana. Ngoma, tarumbeta, ndovu 30 wamesimama mistari miwili, na juu yao watu wanabadilisha miavuli ya rangi. Moto!

Lakini cheki miguu ya hao ndovu. Minyororo. Jua kali, kelele, fataki. Sisi wa nchi ya Tsavo tunajua ndovu anafaa kuishi vipi.

2023, hekalu la Irinjadappilly, hukohuko Thrissur, lilileta ndovu wa roboti, futi 11. Ngoma zililia, ibada ikaendelea. Mila haikufa. Kwangu, hiyo ndiyo heshima. Ama nyinyi mnaonaje?