Kinyakyusa hakimdhuru mtoto kiziwi

Upo ushauri unaotolewa kwa nia njema lakini unaumiza watoto: kwamba mtoto asiyesikia vizuri asichanganyiwe lugha. Mzazi anaambiwa aache Kinyakyusa nyumbani, amsemeshe Kiswahili kitupu, kwa kuwa ndicho atakachokikuta darasani. Ushauri huu hauna msingi.

Tuutazame tukiwa hapa Matema, wilayani Kyela. Bibi anazungumza Kinyakyusa. Kwenye gulio la Lyulilo, Wakisi wa Ikombe wanashusha vyungu na Kikisi chao, na Kiswahili kinawakutanisha na wanunuzi. Watoto wanaosikia wanazoa lugha mbili tatu humo humo, na hakuna anayelalamika kwamba wamevurugwa. Akizaliwa mwenye usikivu hafifu, tunaitaka nyumba nzima ibadili ulimi. Bibi ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji ananyamaza. Hadithi zinakwisha, utani unakwisha, na mjukuu hajui hata kumwambia "ndaga", yaani asante. Mtoto aliyehitaji kusemeshwa zaidi kuliko wenzake ndiye anayesemeshwa kidogo.

Mwaka 2013 Ferenc Bunta na Michael Douglas walichapisha utafiti uliofanyika Marekani juu ya watoto wanaotumia shimesikio na vipandikizi vya kokilea. Waliolelewa kwa Kihispania na Kiingereza, wakisaidiwa katika lugha zote mbili, hawakuachwa nyuma na wenzao wa lugha moja.

Mtu atasema Marekani si Kyela. Wenzetu wana vifaa na wataalamu. Ni kweli, na kwenye vifaa na wataalamu hao ndiko tunakopaswa kuelekeza macho. Huduma ya kupandikiza kokilea ilianza katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2017 tu. Mtoto wa kijijini anaweza kufika umri wa shule kabla hajapimwa masikio, na akipata shimesikio, betri ni tabu. Kuacha Kinyakyusa hakutamletea betri.

Kwa mtoto asiyesikia kabisa, kubishana kati ya Kinyakyusa na Kiswahili cha mdomo ni kumpotezea muda. Anahitaji Lugha ya Alama ya Tanzania tangu uchanga. Hapo nako tunaogopeshwa kwamba alama zitamzuia kusema. Hofu hiyo ni kongwe: mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi mjini Milan uliamua lugha ya alama iondolewe katika ufundishaji. Ilichukua miaka 130 mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi kuyakataa maazimio hayo, mjini Vancouver mwaka 2010. Sisi bado tunamsubirisha mtoto hadi apelekwe shule ya viziwi ya mbali, Tabora au Buguruni, ndipo aanze kupata lugha yake ya kwanza. Miaka hiyo hairudi.

Mama na baba, mpelekeni mtoto akapimwe masikio mapema. Msemesheni kwa lugha mnayoimudu, na kama hasikii, jifunzeni alama pamoja naye, bibi na kaka zake wakiwemo. Walimu na wauguzi, acheni kuwaambia wazazi waitupe lugha yao. Na Halmashauri ya Kyela isikie: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010. Leteni mafunzo ya lugha ya alama vijijini, kwa wazazi, kabla mtoto hajafikia umri wa kwenda shule.