Kauboi ndani ya parsela: filme tatu za kutazama pamoja



Likizo imeanza, watoto wako nyumbani asubuhi mpaka usiku, na ile flashi inayotembea toka nyumba hadi nyumba imejaa filme za kauboi. Kwenye mkutano wetu wa Alhamisi mama mmoja alitangaza kwamba kwake hazitaingia tena. Kijana wake wa miaka saba amechonga bunduki ya mti, na siku nzima anaua kuku kwa mdomo: pa! pa! Wengi walicheka. Mimi sikucheka sana, juu hapa kwetu bunduki si jambo la Marekani peke yake. Lakini nazipenda filme hizo tangu zamani, na sitaki tuzitupe zote ndani ya shimo moja.

Woga wa yule mama si mpya. Wakati Kinshasa ingali Léopoldville, miaka ya 1950, vijana walitazama kauboi kwenye sinema, wakaanza kuvaa jinzi na kitambaa shingoni. Walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakatunga hata lugha yao, hindubill. Leo wazee wanasimulia mambo hayo kwa kicheko. Wasichana wa wakati ule walijua upande mwingine: walipokuta Bills wameshika njia, hawakuwa salama. Wale vijana walichukua kofia na maringo, hadithi yenyewe wakaiacha kwenye ukuta wa sinema. Ndiyo sababu nasema tusiwaachie watoto watazame peke yao kwenye sale ya video. Tukae nao.

Anzeni na Le train sifflera trois fois, ya mwaka 1952. Haina rangi, na watoto watalalamika dakika kumi za kwanza. Gary Cooper ni mkubwa wa usalama wa mji mdogo uitwao Hadleyville. Siku hiyo ndiyo amefunga ndoa na kuacha kazi. Habari inafika: muuaji aliyemtia gerezani amesamehewa, anarudi kwa gari la moshi la saa sita mchana kulipa kisasi, na wenzake watatu wanamngojea kituoni. Filme inachukua dakika 85, na saa ya ukutani inatembea karibu sawa na saa yako wewe. Muda wote huo yule mtu anazunguka kuomba wasaidizi. Hakimu anafunga mizigo yake na kukimbia. Kanisani wanabishana vizuri sana, mwishoe wanamshauri aondoke. Rafiki mmoja anajificha chumbani na kumtuma mke wake mlangoni aseme baba hayupo. Mtazameni uso yule mama anaposema uongo ambao si wake. Wangapi kati yetu wametumwa mlangoni hivyo?

Kwetu, wezi wakiingia usiku, mama mmoja anapiga sufuria, jirani anamjibu, mpaka avenyu nzima inalia. Hadleyville hakuna aliyepiga sufuria. Mmoja wa wachache wanaojitolea ni mtoto wa miaka 14, na anarudishwa nyumbani.

Bibi-arusi, Grace Kelly, ni wa dini ya Quaker, yaani Kanisa la Marafiki, lile linalojulikana hata kwetu upande wa Fizi. Baba yake na kaka yake waliuawa kwa bunduki, kwa hiyo ameapa kutoshika silaha na anataka kuondoka kwa gari lile lile la saa sita. Mwishoni anafanya jambo ambalo sitawaambia. Lakini waulizeni watoto kama alifanya vema, halafu nyamazeni mwasikilize. Kwangu jibu lilikuwa tofauti kwa kila mtoto, na mabishano yalitufikisha hadi chakula cha usiku. Msimsahau pia Helen Ramírez, anayechezwa na Katy Jurado wa Mexico: mwanamke mwenye mali yake, anayeuza na kuondoka kichwa juu.

Ya pili ni True Grit. Kuna ile ya 1969 na ile ya 2010 ya ndugu wawili Coen. Mimi nachagua ya 2010. Mattie ana miaka 14, baba yake ameuawa, naye anakuja mjini kutafuta mtu wa kumshika muuaji. Mama wa sokoni, kaeni karibu na televisheni pale anapobishana bei na mfanyabiashara wa farasi. Mzee anamwona mtoto, anafikiri atamfukuza kwa maneno mawili. Msichana hapandishi sauti. Anataja haki yake, anataja wakili wake, anainuka kama anaondoka, na mzee analipa. Kesho yake anarudi kununua farasi mmoja kati ya wale wale, kwa bei ndogo! Wasichana wetu waione sehemu hiyo mara mbili. Na waone pia mwisho, juu kisasi kile kinamgharimu mkono wake.

Ya tatu si ya watoto, nasema wazi. Ni Impitoyable, ya Clint Eastwood, mwaka 1992. Ilipata Oscar nne, lakini si hizo zilizonikamata. Ndani ya baa ya mji mdogo mwanaume anamkata uso kwa kisu mwanamke wa kazi ile, Delilah, kwa sababu alimcheka. Mkubwa wa polisi anaamua kesi usiku ule ule: yule mkataji na mwenzake walete farasi. Wampe nani? Mwenye baa! Kwa sababu ndiye aliyepata hasara.

Niliposikia hukumu ile nilisimamisha filme. Tunaifahamu. Hapa farasi anaitwa mbuzi. Msichana anabakwa, wazee wanakaa chini ya mti, mbuzi wawili na katoni ya bia vinatoka, baba anapokea, na mtoto anaambiwa anyamaze. Tangu tarehe 20 Julai 2006 sheria ya nchi yetu inasema ubakaji ni kifungo cha miaka 5 hadi 20, na faini ya kulipa ili kesi iishe haikubaliwi. Karatasi iko. Mbuzi pia wanaendelea kutembea.

Wanawake wa ile baa wanafanya nini? Wanakaa pamoja, kila mmoja anatoa akiba aliyoficha, kama sisi siku ya likilimba, mpaka wanatangaza dola 1000. Nilifurahi, nakiri. Halafu filme ikaniondolea furaha. Pesa ile ni ya kuua, na anayekufa wa kwanza ni yule kijana ambaye si yeye aliyekata. Kabla ya hapo alikuwa ameleta farasi wake mzuri kuliko wote kwa ajili ya Delilah mwenyewe, wenzake wakamfukuza kwa matope. Uso wa Delilah pale unaonyesha kama vile angempokea, hakuna aliyemuuliza. Kijana anakufa polepole, akiomba maji. Na yule mwingine aliyejisifu kwamba ameua watu wengi, akiua kweli mara ya kwanza, analia kama mtoto na kuacha bastola yake.

Kasoro ya filme hizi za kauboi ni kubwa: wenyeji wa nchi ile, waliokuwepo kabla ya kauboi yeyote, mara nyingi wanaonekana tu kama adui wa kuanguka kwenye farasi. Waambieni watoto nchi ile ilikuwa na wenyewe.

Mama wa kuku aliniuliza kama aichome bunduki ya mti. Nilimjibu amwachie kwanza, atazame naye ile ya 1952, kisha amuulize swali la bibi-arusi. Impitoyable tutaitazama sisi wenyewe Jumamosi saa nane, umeme ukiwepo, na watoto wabaki kwa bibi zao. Baada ya hapo tuzungumze habari ya mbuzi, majina ya vijiji bila kuficha.