Nusu Saa ya Fundi Isiguswe



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya mishahara, likizo na nyumba. Leo twataka kusema juu ya nusu saa. Huenda wako watakaocheka, lakini sisi tuliomwona mwenzetu akienda nyumbani na nusu ya mshahara kwa sababu ya nusu saa hiyo, hatucheki.

Habari yenyewe ni hii. Katika gereji moja, ambayo hatutaitaja jina, fundi mmoja alipewa Land Cruiser ya zamani, ya petroli, silinda sita, aitie kemshafti mpya. Alifanya kazi siku mbili. Aliosha kila kitu, akatia tapeti mpya zote kumi na mbili, akapaka dawa yake kwenye kila nundu, akapanga taimingi vizuri. Asubuhi ya siku ya tatu akawasha injini, ikashika mara moja, naye akaipandisha mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika. Dakika ya nne haijaisha, tajiri akatoka ofisini pamoja na mwenye gari. "Mbona wamwaga petroli bure? Punguza hiyo kelele!" Fundi akajaribu kueleza, asisikizwe. Akapunguza. Gari likasimama langoni likinguruma polepole, huku wakubwa wakihesabiana fedha na kuulizana habari.

Wiki tatu baadaye gari likarudi likilia tak-tak-tak. Kufungua, nundu mbili zimelika, tapeti zake zimechimbika kama visahani, na unga wa chuma umejaa katika oili. Mwenye gari akadai fedha zake. Tajiri akamgeukia fundi: "Kazi yako mbovu, utalipa wewe." Akakatwa mshahara miezi mitano.

Je, ndugu, kosa lilikuwa la nani?

Wasiokaa chini ya gari wataona ni jambo dogo, basi na tueleze. Kemshafti ni ule mti wa chuma wenye nundu unaofungua valvu. Katika injini za namna ile, kila nundu husugua uso wa tapeti yake, chuma kwa chuma. Ukitazama kwa jicho utasema uso wa tapeti ni bapa, kumbe umetunishwa kidogo sana katikati, na nundu nayo imenolewa kwa mshazari mdogo. Wamefanya hivyo ili tapeti izunguke yenyewe kila inaposukumwa, isisuguliwe mahali pamoja tu. Vyuma viwili hivi vikiwa vipya havijajuana. Vinatakiwa kuzoeana, na vitazoeana au vitaharibiana katika dakika za kwanza kabisa. Wazee walisema, udongo upatize uli maji. Ukikauka umekauka.

Sasa sikilizeni kwa nini kunguruma polepole ndiko kunakoua. Kwanza, katika injini nyingi za namna hii nundu hazipati oili ya kutosha kutoka kwenye pampu. Hupata ile inayorushwa na kranki inapozunguka. Kranki ikienda polepole, matone hayafiki. Pili, injini ikienda polepole, nguvu yote ya springi hulalia ncha ya nundu. Ikienda upesi, mwendo wa tapeti na valvu huipunguzia ncha ile mzigo. Kwa hivyo yule anayedhani anaihurumia injini mpya kwa kuiendesha polepole, anaipa mzigo mkubwa na oili kidogo kwa wakati mmoja. Ni kama kumpa kuli gunia zito na kumnyima maji.

Hii ndiyo sababu mafundi husema injini ikishashika, ipandishwe mara moja kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, ikae huko dakika 20 mpaka 30, mwendo ukibadilishwa badilishwa kidogo ili oili irushwe kila upande. Kemshafti huzunguka nusu ya mwendo wa kranki. Basi katika dakika 20 za mizunguko 2,000, kila nundu imeipiga tapeti yake mara 20,000. Mapigo hayo ndiyo shule yake. Dakika nne za ndugu yetu zilikuwa kama kumtoa mtoto darasa la kwanza na kumpeleka kwenye mtihani.

Hatusemi kwamba kila gari linahitaji haya. Injini nyingi za siku hizi zina magurudumu madogo baina ya nundu na valvu, nazo hazina shida hiyo. Lakini Land Cruiser za zamani zingalipo barabarani na mashambani, na magari mengine ya umri wao, na ndizo zinazoletwa kwetu.

Tena mambo ya oili yamebadilika. Oili ya zamani ilikuwa na dawa nyingi ya zinki na fosforasi, ambayo hufanya utando juu ya vyuma vinavyosuguana. Kwa kuwa fosforasi huharibu kifaa cha kusafishia moshi katika magari mapya, kiasi chake kimepunguzwa. Katika daraja la SM lililoanza mwaka 2004, oili nyepesi za petroli haziruhusiwi kuwa na fosforasi kupita sehemu 8 katika 10,000. Ni jambo zuri kwa gari jipya, lakini kwa kemshafti mpya ya injini ya zamani ni hatari. Fundi akiomba oili ya kuzoeshea injini, au dawa ya kuongeza, haombi anasa. Anaomba chombo cha kazi kama anavyoomba spana.

Matajiri wanasema petroli ni ghali. Ni kweli, sisi pia twainunua. Lakini wapige hesabu: petroli ya nusu saa, au kemshafti nyingine, tapeti nyingine, oili nyingine, siku mbili nyingine za fundi, na mteja aliyekasirika? Wanasema kelele inaudhi majirani. Basi kazi hiyo ipangiwe saa ambayo majirani watavumilia. Hapana sababu hata moja katika hizi inayotosha kumwamuru fundi aharibu kazi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Iko hatari nyingine pia, nayo si ya chuma. Wako wenzetu wanaoambiwa wawashe injini ndani ya banda, milango imefungwa, ati kelele isitoke nje. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua mtu. Nusu saa ndani ya banda lililofungwa yatosha kumlaza fundi pamoja na spana boi wake wasiamke tena. Kazi hii ifanywe nje, mahali penye hewa. Asikubali mtu kufanya vingine.

Lakini tukisema na matajiri, tuseme na sisi wenyewe pia. Wako mafundi kati yetu wanaorudisha tapeti za zamani juu ya kemshafti mpya ili wabane shilingi. Tapeti ya zamani imekwisha kuzoea nundu nyingine, nayo itaila mpya. Wako wanaosahau dawa ya kupaka. Wako wanaowasha kabla ya kujaza maji katika rejeta na petroli katika kabureta, au taimingi haijakaa sawa, halafu wanazungusha starta dakika nzima huku ile dawa ikifutika. Wako wanaoacha oili ile ile ndani baada ya kazi, pamoja na unga wa chuma wote, wala hawabadilishi filta. Ndugu, tukifanya hivyo twampa tajiri fimbo ya kutupigia. Chama hakiwezi kumtetea vizuri mtu aliyelala kazini. Tukitaka neno letu liheshimiwe, kazi yetu iwe ya kuheshimiwa.

Sasa juu ya kukatwa mshahara. Wengi wetu hudhani tajiri akisema "utalipa" basi imekwisha. Sivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwenye kazi kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Yashikeni maneno hayo: kosa la makusudi. Fundi aliyeamriwa kupunguza mwendo akapunguza, amefanya makusudi gani? Aliyefanya makusudi ni aliyeamuru. Tena kifungu hicho kinasema makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Mwenzetu angalikuja mapema tungalikwenda naye kwa afisa wa kazi tangu mwezi wa kwanza. Alinyamaza, akaona haya, akalipa.

Kwa hivyo twataka mambo manne katika kila gereji yenye wanachama wetu. La kwanza, kila kazi ya kemshafti mpya iandikwe katika kadi ya kazi pamoja na dakika 30 za kuizoesha injini, na mteja atozwe dakika hizo na petroli yake tangu mwanzo. La pili, katika dakika hizo neno la fundi ndilo la mwisho, wala asiingilie tajiri, nyapara au mwenye gari. La tatu, ifanywe nje penye hewa. La nne, mtu akiamuru injini ipunguzwe kabla ya wakati, jina lake na saa yake viandikwe katika kadi ile ile, naye ndiye atakayejibu baadaye.

Na wewe mwanachama, usingoje mpaka makubaliano yatiwe sahihi. Kesho ukipewa kemshafti, chukua kalamu. Andika saa uliyowasha na saa uliyozima. Ukiamriwa kupunguza, andika. Mwite mwenzako aone. Karatasi moja yenye mafuta ya gereji yaweza kukuokolea mshahara wa miezi mitano.

Wale wanaotuita mafundi wa mtaani wasisahau kuwa magari yao yanapanda milima kwa mikono yetu. Hatuombi kusifiwa. Twaomba nusu saa, mahali penye hewa, na oili inayofaa. Atakayetunyima vitu hivyo asije kutudai kemshafti.