MCHEZO UKIISHA, KAZI IANZE

Kwa maoni yangu mwigizaji asipimwe kwa makofi pekee. Apimwe pia kwa kile anachofanya akishashuka jukwaani.

Chukueni mfano wa Virginia McKenna na mumewe Bill Travers, waigizaji wa Uingereza. Walikuja hapa Kenya kuigiza filamu ya Born Free, iliyotoka mwaka wa 1966, kuhusu simba yatima Elsa. Baadaye walicheza filamu nyingine na ndovu mchanga aitwaye Pole Pole. Ndovu huyo alikuwa zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Waigizaji hao waliomba kumnunua abaki Tsavo, wakaambiwa akibaki, mwingine atakamatwa badala yake. Basi akapelekwa. Mwaka wa 1983 Pole Pole akafa huko London, mbali na wenzake.

Majuto ni mjukuu, lakini hawa hawakukaa wakilia tu. Mwaka wa 1984 walianzisha shirika la Zoo Check la kutetea wanyama wanaofungiwa, ambalo baadaye liliitwa Born Free Foundation. Travers alifariki 1994; McKenna akaendelea na kazi hiyo hata uzeeni.

Wengine watasema, "Aa, hao ni Wazungu, wana pesa." Sikatai. Lakini watu waliwasikiza kwa sababu waliwajua kutoka kwa filamu. Sauti nayo ni mali.

Hapa kwetu tuna Msitu wa Kakamega, mabaki ya msitu wa mvua ambao zamani uliungana na ile ya Kongo. Kwa mashindano ya drama, shule hupeleka michezo na mashairi ya kuhifadhi mazingira. Kikombe kikipatikana kinawekwa kwa ofisi ya mwalimu mkuu, na hadithi inaishia hapo. Kesho yake akina mama wanatoka msituni na kuni kichwani kama kawaida. Tusiwalaumu, kwani ugali hauivi kwa shairi. Mwigizaji akitaka aaminike, kwanza apande miti ya kuni kwao nyumbani. Kisha aende kwa baraza la chifu aseme yale yale aliyosema jukwaani, mbele ya wazee wanaomjua.

Mwalimu mlezi wa chama, na nyinyi wenzangu mnaojiandaa kwa drama, nawauliza: mchezo ukiisha, nani atawasemea mbega wa Kakamega? Wao hawana kikombe cha kutupatia.