Nani Amefua Utulivu Wako?

Nimechoka na vitabu vya nyumba tulivu. Nasema hivi nikiwa mmoja wa waliovipigia debe. Uhakiki wangu wa kimojawapo ulisambazwa kuliko makala zangu zote nilizozitolea jasho.

Mnavijua. Jalada jeupe, kikombe kimoja mezani. Ndani ni ushauri uleule: amka kabla ya jua, tandika kitanda, fungua dirisha, kunywa chai taratibu bila simu, kaa kimya dakika kumi, punguza vitu. Sina ugomvi na hata kimoja kati ya hivyo. Bibi yangu kule Tanga hakusoma kitabu chochote, lakini kila alfajiri alifagia ua kwa ufagio wa chelewa, akanyunyiza maji vumbi litulie, kisha akakaa mkekani na kahawa yake, na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Jioni alitia udi kwenye chetezo. Nyumba yake ya udongo ilikuwa na utulivu ambao sijaukuta tena hapa Dar es Salaam.

Ila kwa bibi, aliyefagia na aliyekaa mkekani alikuwa mtu yuleyule. Katika vitabu hivi, chai inajichemsha na kikombe kinajiosha. Kuna mtu kafutwa kwenye picha, halafu sisi wasomaji tunausifia huo weupe uliobaki.

Mtasema naonea vijitabu vya dukani. Haya, twendeni kwa mkubwa wao. Mwaka 1845 Henry David Thoreau alihamia kwenye kibanda kando ya bwawa la Walden, Marekani, akaishi hapo miaka miwili na zaidi, kisha akatoa kitabu mwaka 1854 ambacho watafuta utulivu wanakiheshimu mpaka leo. Ni mtu wa hesabu kweli. Anatuambia kibanda kilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Anaorodhesha hadi alichokula. Lakini ukifika kwenye kufua na kushona viraka, havimo. Anaeleza tu kwamba kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanyiwa nje, na bili yake bado hajaletewa. Senti na nusu yake kaiona, nguo zake mwenyewe hakuziona!

Ndiyo maana namheshimu Marie Kondo, yule Mjapani aliyeifundisha dunia kupanga kabati. Mwaka 2023, akiwa na watoto watatu, alikiri hadharani kwamba nyumbani kwake mambo ya kupanga ameyalegeza. Watu walimcheka. Mimi niliona kwamba hatimaye mtu katika biashara hii ametaja kwamba nyumbani kuna kazi na kuna watu.

Na sisi wasomaji wa Kiswahili hatuna kisingizio. Adam Shafi alituonyesha haya mwaka 1978 katika *Kasri ya Mwinyi Fuad*. Raha ya bwana yule wa Zanzibar kabla ya Mapinduzi ina jina, nalo ni Kijakazi. Tumeisoma riwaya hiyo, tumeijadili kwa maneno makubwa ya utabaka na unyonyaji, kisha tumerudi nyumbani na kumwagiza dada wa kazi alete chai.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Baada ya uhakiki wangu kupendwa, niliweka sheria nyumbani: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi na robo, hakuna sauti. Mke wangu alicheka, akawahi daladala lake. Dada wa kazi akajibu, "Sawa, kaka." Kwetu maji ya bomba hutoka alfajiri tu, saa mbili yameshakatika. Hilo nililijua, lakini sikuliweka kwenye hesabu.

Ilikuwa masika. Nilikuwa nimekaa, macho nimefumba, nasikiliza mvua na kujiambia kwamba hapa sasa nimefika. Nikafungua mlango wa nyuma ili niisikie vizuri. Nikamkuta amechutama nyuma ya simtanki, kanga kichwani imelowa chapachapa, anafua sare za mwanangu kwenye beseni. Mahali pa kufulia ni chini ya dirisha langu, kwenye paa. Alihamia kule kwenye mvua kwa wiki nzima.

"Sikutaka kukusumbua, kaka," akasema.

Uhakiki wangu ule bado upo na bado unapongezwa. Huyo binti hayumo humo hata kwa neno moja.

Sitawadanganya kwamba nimekuwa mtu mpya. Sheria niliifuta siku ileile. Asubuhi sasa najaza ndoo mimi, nguo zangu nazifua mwenyewe, na binti anaanza kazi saa moja, Jumapili ni yake. Nyumba ina kelele zaidi ya zamani: beseni, redio yake, mtoto anayetafuta soksi. Siku nyingine natamani ukimya wangu urudi, sikatai. Lakini nikimaliza kuanika, nikakaa kizingitini na chai, mikono bado inanuka sabuni, napata dakika zangu tano na hakuna aliyelowa kwa ajili yake.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu mnaohakiki vitabu hivi, maana vitaendelea kuja. Msisifie utulivu kabla hamjauliza nani aliyeamka wa kwanza katika nyumba hiyo na alilipwa shilingi ngapi. Kama mwandishi hana jibu, andikeni hivyo hivyo kwamba hana. Mimi sikuandika, na aliyelowa si mimi.