Tusilicheke Zeze

Jioni moja muhula huu mwalimu wetu wa muziki alitupigia santuri iitwayo Pieces of Africa. Ilitolewa mwaka 1992 na Kronos Quartet, wapigaji wanne wa Marekani: fidla mbili, viola na chelo. Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1973, nalo hupenda muziki mpya ambao wengine huuogopa. Tungo zote za santuri hii ni za watu wa Afrika: Hamza El Din wa Nubia, Obo Addy wa Ghana, Dumisani Maraire wa Zimbabwe, na wengineo.

Wengi walianza kucheka. Mmoja akasema, "Bado wanatengeneza nyuzi, wimbo utaanza lini?" Mimi nilicheka kuwashinda wote. Ndipo mwalimu akatwambia kuwa utungo tuliokuwa tukiucheka ni wa Justinian Tamusuza, Mganda mwenzetu aliyezaliwa mwaka 1951, nao waitwa Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Darasa likanyamaza.

Akaupiga tena. Safari hii nilisikia vidole vikidonoa nyuzi, na sauti fupi fupi zikiingiliana, huyu akijaza pengo la yule, kama wapigaji wa amadinda wanaokaa wakikabiliana.

Nikamkumbuka babu yangu. Alikuwa mpigaji wa endingidi, zeze la uzi mmoja. Nilipokuwa kidato cha kwanza alitaka kunifundisha, nikamjibu kuwa mimi ni mtu wa shule. Hakunitajia tena neno hilo. Sasa amekwisha kufa, na zeze lake limetundikwa ukutani. Hapana mtu nyumbani ajuaye kulipiga.

Wako wasemao kuwa muziki ukipigwa kwa fidla si wa Kiafrika tena. Sikubali. Barua haiwi ya mwenye kalamu, ni ya aliyeitunga. Nakubali kuwa si muziki wa kuimba njiani. Wataka kusikilizwa zaidi ya mara moja. Lakini ni aibu kungoja wageni watuoneshe kilicho chetu.

Kwa hiyo naomba katika mashindano yetu ya muziki kila bweni lilete ala moja ya nyumbani. Nanyi wanafunzi wa zamani, kama mnawajua wazee wapigaji, waleteni watufundishe wangali hai. Mimi likizo ijayo nitaliangua zeze la babu ukutani, nitafute wa kunifunza.