Msituulize Tumejifunza Nini

Nianze na kosa langu mwenyewe, ndipo nipate haki ya kusema makosa ya wengine.

Mimi ni mhamasishaji wa vijana hapa Kakuma. Ninalipwa posho, ile tunaita insentivu, na kila Jumamosi mchana tunaonyesha filamu kwenye ukumbi wa mabati wa shirika moja. Filamu zenyewe ni fupi, dakika 15 au 20: madawa ya kulevya, ndoa za mapema, kunawa mikono. Ikiisha, ninasimama mbele na fomu. Fomu ina nafasi ya idadi ya wavulana, idadi ya wasichana, halafu nafasi kubwa imeandikwa "Ujumbe uliopatikana". Basi ninauliza lile swali ambalo ulimi wangu umelizoea kama salamu: "Haya, tumejifunza nini?"

Jumamosi moja kijana wa miaka 16, Mkongomani kama mimi, akanyoosha mkono. Akasema, "Yaya, hii filamu ni mbovu. Yule baba anaongea kama tangazo la redio. Hakuna baba anaongea na mtoto wake vile. Na yule mtoto amekunywa pombe leo, kesho tayari ni mwizi. Nani ataamini?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na fomu ya kujaza na msimamizi amekaa nyuma. Nikamwambia akae chini, nikamuuliza msichana wa benchi la mbele, naye akajibu vile anajua tunataka: "Tumejifunza kwamba pombe ni mbaya." Nikaandika. Chini, kwenye nafasi ya changamoto, nikaandika: "Baadhi ya vijana hawakuelewa ujumbe."

Ule ulikuwa uongo, na niliuandika kwa kalamu yangu. Yule kijana alielewa ujumbe filamu ikiwa bado haijafika katikati. Alichosema ni kwamba kazi imefanywa vibaya, na alitoa sababu mbili, zote za kweli. Nilimwandika mjinga kwa sababu alifikiri.

Siku nne baadaye nikamkuta kibandani.

Ndugu msomaji wa Nyarugusu au Nakivale, kibanda chetu unakijua hata kama hujafika. Mabati, turubai, mabenchi ya mbao, televisheni moja, spika mbili zenye sauti ya kupasua masikio, na umeme wa jenereta ya jirani. Kiingilio shilingi 20. Siku ya mpira ni mpira, siku nyingine ni muvi: za Kihindi, za Kichina, na zile za DJ Afro, Mkenya anayesimulia muvi za wazungu juu ya sauti yao wenyewe mpaka zinakuwa zetu. Watanzania walikuwa na Lufufu kwa kazi hiyo hiyo, Waganda wana ma-VJ wao. Sisi watu wa upande huu hatujawahi kuangalia sinema tukiwa tumefunga mdomo.

Usiku ule mwenye kibanda aliweka The Good Lie, filamu ya mwaka 2014. Inahusu watoto wa Sudan waliokimbia vita, wakatembea mpaka Kenya, wakaishi miaka 13 katika kambi hii hii yetu, halafu wengine wakachaguliwa kwenda Marekani. Kati ya waigizaji wakubwa wamo Ger Duany na Emmanuel Jal, ambao vita ya Sudan waliipitia wenyewe wakiwa watoto. Lakini Kakuma ya kwenye filamu ilipigwa picha Afrika Kusini. Kibanda kizima kiliona hivyo mara moja, bila kuambiwa. "Hilo vumbi si la hapa!" mtu alipiga kelele. "Na upepo uko wapi?"

Ilipoisha, hakuna aliyesimama. Mwenye kibanda alizima jenereta ili kuokoa mafuta, na watu wakabaki gizani wanabishana, tochi za simu zimewashwa. Nilihesabu muda kwa sababu ya mazoea ya kazi: karibu saa nzima.

Walianza na kava. Kwa nini uso mkubwa kwenye picha ya kutangaza filamu ni wa Reese Witherspoon, na yeye kwenye hadithi anaingia wakati watu wameshatembea, wameshazika, wameshakaa kambini miaka yote ile? Mmoja akasema hiyo ni biashara tu, bila uso anaoujua Mmarekani hanunui tikiti. Mwingine akajibu, "Basi waseme ni hadithi yake, sisi tujue."

Wakaja kwa Jeremiah. Huyu anapata kazi supamaketi Marekani, anaambiwa atupe chakula ambacho bado kizuri, anampa mama mmoja maskini, anakatazwa, anaacha kazi. Hapo kibanda kilipasuka pande mbili. Upande mmoja: mjinga huyo! Ana ndugu kambini wanasubiri atume pesa, yeye anaacha kazi kwa sababu ya matunda? Upande mwingine: wewe umeshalala njaa, utaweza kutupa chakula mbele ya mtu mwenye njaa, kila siku, na ubaki mzima kichwani? Huu si mjadala wa kitabuni kwa watu ambao mgao wao umepunguzwa wakahesabu punje. Mama mmoja wa Kirundi alisema jambo ambalo bado ninalifikiria: "Wote mko sawa. Ndiyo maana ile sehemu ni nzuri."

Kisha mwisho wa filamu. Kwa wasiojua: Mamere anarudi Kakuma kumtafuta kaka yake Theo, karatasi za kumsafirisha hazipatikani, basi anampa pasipoti yake mwenyewe. Theo anaondoka kwa jina la Mamere, Mamere anabaki. Hapo ndipo yule kijana wangu wa Jumamosi, yule "asiyeelewa ujumbe", alisimama.

"Na vidole?" akauliza. "Sisi hapa hata unga hatupati bila kuweka kidole kwenye mashine. Huyu anavuka bahari kwa kidole cha nani?"

Mzee mmoja wa Sudan Kusini, ambaye kwa kawaida huja kwa ajili ya mpira tu, akamjibu taratibu: "Mwanangu, hiyo hadithi ni ya wakati ule. Wewe unaipima kwa mashine ya leo."

"Sawa mzee, nimekubali. Basi kosa langu ni la miaka, si la akili."

Watu walicheka tena, na mzee alicheka kuliko wote. Halafu dada anayekaanga mandazi mlangoni, ambaye huona muvi zote akiwa amesimama, mgongo mmoja nje, alisema bila kugeuka: "Mimi vidole havinisumbui. Mimi ningetaka nimwone yule aliyebaki, mwaka mmoja baadaye. Filamu imeisha haraka."

Kimya. Kila mtu kwenye lile giza ni aliyebaki.

Sasa niambieni. Ningekuwa na fomu yangu usiku ule, ningeandika nini? "Tumejifunza umuhimu wa kujitolea." Saa nzima ya watu kupima haki, njaa, biashara, uongo wa heri na namna hadithi inavyojengwa, yote ningeibana kwenye sentensi moja ya kumfurahisha mtu wa ofisini. Na sentensi yenyewe ningeweza kuiandika kabla ya filamu kuanza.

Hiyo ndiyo shida yangu na lile swali. "Mmejifunza nini?" ni swali ambalo jibu lake limeshaandikwa. Linamchukulia mtu kama ndoo: tumemimina, hebu tuone kama imejaa. Halimpi nafasi ya kusema kwamba maji ni machafu.

Mkimbizi huulizwa maswali maisha yake yote. Ulitoka wapi, tarehe gani, nani aliuawa, mlilala wapi, mlikuwa wangapi. Kwenye mahojiano unasimulia, unarudia kusimulia, na ole wako ukikosea mwezi, kwa sababu hadithi yako inapimwa kama inafanana na ile ya mwaka jana. Nimekaa kambini tangu nikiwa mtoto na nimeulizwa habari zangu mara nyingi mpaka nyingine ninazisema kama wimbo. Lakini maoni yangu? Ni nani kwenye meza ile aliwahi kuniuliza kitu gani ninakiona kizuri na kwa nini?

Kibandani unaulizwa. Kwa shilingi 20 wewe ni mtu mwenye maoni. Ukisema muvi ni mbovu, hakuna anayepunguza mgao wako. Faili lako halirudishwi. Unaweza kukosea, ukasahihishwa na mzee, ukakubali mbele za watu, na kesho ukarudi. Hapa kambini ni wapi kwingine unaweza kukosea kwa bei ndogo namna hiyo?

Najua watakaonipinga, na wengine ni watu ninaowaheshimu.

Wachungaji na wazazi wanasema kibanda kinaharibu watoto. Kwa sehemu wako sawa, na siwezi kuficha. Nimeona watoto wa miaka 8 wamekaa benchi la mbele usiku, wanaangalia watu wanakatwa vichwa. Hao wanapaswa kuwa nyumbani, na wenye vibanda wanajua hivyo, lakini shilingi 20 ya mtoto inatumika sawa na ya mtu mzima. Nimeona vijana wameacha darasa la saa nane kwa sababu ya muvi. Yapigeni vita hayo, nitasimama nanyi. Ila msiseme watu wanaobishana juu ya Jeremiah na matunda yake "wanapoteza muda". Nendeni mkasikilize kwanza.

Wenzangu wa mashirika watasema: filamu za afya zinaokoa maisha. Kweli kabisa. Sijasema muache kuonyesha habari za kipindupindu. Ninasema filamu mbovu haiokoi mtu, na atakayekuambia kwamba ni mbovu ni yule kijana mliyemkalisha chini. Kama baba wa kwenye filamu anaongea kama tangazo, mtoto wa kweli hatamsikiliza. Ukosoaji wake ulikuwa zawadi kwa mradi, sisi tukauandika kama tatizo.

Na ninyi mashabiki, msifurahi mapema, bado sijamaliza. Wengi wetu maoni yetu ni neno moja. "Muvi vipi?" "Moto!" "Ile ya juzi?" "Takataka!" Basi. Hapo hatujasema kitu. Wengine tunapima muvi kwa idadi ya risasi. Na kuna wale wanaomzima mwenzao kwa kelele, ati "wewe Mrundi unajua nini", "wewe mtoto kaa chini". Nilipomkalisha yule kijana, nilifanya kama wao, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na kalamu.

Na jambo la mwisho, la aibu zaidi. Yule dada wa mandazi, kwa nini anaangalia akiwa mlangoni? Nilimuuliza. Akaniambia, "Kaka, msichana akikaa ndani ya kile kibanda usiku, kesho atakuwa na jina lingine." Maneno bora ya usiku ule yalitoka kwa mtu tusiyempa benchi. Kama tunajisifu kwamba kibanda ni shule yetu ya kusema, basi ni shule iliyofungia nje nusu ya wanafunzi. Wenye vibanda, wekeni siku ya mchana, ya wanawake na wasichana, kiingilio kile kile. Hakuna mtaji unaohitajika hapo, ni uamuzi tu.

Nimefanya nini mimi? Kidogo. Jumamosi iliyopita filamu ilipoisha, sikuuliza tumejifunza nini. Niliuliza: Ilikuwa nzuri au mbaya? Kwa nini? Ungekuwa wewe unaitengeneza, ungebadilisha wapi? Dakika tano za kwanza walinitazama tu, wanatafuta mtego. Halafu msichana wa benchi la mbele, yule yule wa "pombe ni mbaya", akasema yeye angeondoa muziki, kwa sababu muziki unamwambia alie kabla hajaamua mwenyewe kama atalia. Baada yake mikono ilikuwa mingi kuliko muda.

Kwenye nafasi ya "Ujumbe uliopatikana" niliandika maneno yao kama walivyoyasema, mpaka nyuma ya karatasi. Msimamizi ameniita Jumatatu. Sijui ataniambia nini. Insentivu si pesa nyingi, lakini ni pesa, na nina wadogo zangu wawili wanaonitegemea.

Nikitoka huko nitapita kibandani. Wanasema leo wanaweka ya Kihindi, saa tatu. Yule kijana ameshaniambia kwamba ameiona mara mbili na nusu ya kwanza haina maana, na nimemwambia asiniharibie, nitaamua mwenyewe.